Mtihani wa nadharia wa leseni ya kuondoa nywele kwa umeme: soma hivi

Wengi wanaoenda kufanya mtihani wa leseni ya elektrolisisi mikono yao iko vizuri kabisa, sindano inaingia, unywele unatoka, mteja anaridhika, ila wakikalishwa mbele ya maswali ya kuchagua wanaanza kusema hee, mbona haya hatukufundishwa. Mlifundishwa sana tu, ila mlijifunza kwa mikono, na mtihani wa nadharia unataka ujue kwa nini. Kwa nini sindano iwe upande hasi, kwa nini usiguse nywele za ndani ya pua, kwa nini joto kavu linataka muda mrefu kuliko mvuke. Ukiwa na jibu la "kwa nini" kwa kila kitu unachokifanya pale kitandani kwa mteja, kukariri kunapungua sana.

Kabla hujafungua kitabu chochote tafuta muhtasari rasmi wa mtihani kutoka kwenye bodi inayotoa leseni kule unakotaka kufanyia kazi. Usitumie wa rafiki yako aliyefanya zamani, tafuta wa sasa. Sheria hazifanani, mfano Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, kuna yanayotaka leseni na kuna ambayo hayana leseni kabisa. Muhtasari unakwambia mada gani zinatoka na mara nyingi kila mada ina uzito gani, na hapo ndo unajua usiku wako uupeleke wapi, maana unamkuta mtu anakesha na historia ya fani yenye maswali machache mno, halafu kuzuia maambukizi anapitia juu juu eti "si kunawa mikono tu hiyo". Hapana bana, huko ndo watu wanaanguka, kwahiyo tuanze huko huko.

Ngazi ni tatu na usizichanganye: kusafisha, kudisinfekti, kusterilaizi. Kusafisha ni kutoa uchafu, kwa sabuni na maji au kwa ile mashine ndogo ya mawimbi ya sauti. Kudisinfekti ni kuua vijidudu vingi kwenye vitu visivyo na uhai, lakini spora za bakteria, yaani bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu, zinaweza kubaki. Kusterilaizi ni kuua kila kitu pamoja na spora zenyewe. Ukiona neno spora kwenye swali, macho yako yaende moja kwa moja kwenye jibu lenye kusterilaizi. Na ngazi ya kwanza hairukwi hata siku moja, kibanio chenye damu iliyokauka ukikitupia kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wenye presha, ule uchafu unawakinga vijidudu mvuke usiwafikie, umepoteza muda na kifaa bado si salama. Swali la "hatua ya kwanza ni ipi" linapenda sana kujificha hapa, watu wanachagua otoklevu kwa sababu inasikika ya kitaalamu, kumbe jibu ni kuosha.

Namba za kushika: otoklevu ni nyuzi 121 za Selsiasi kwa presha ya 15 psi, muda kuanzia dakika 15 kwa vitu visivyofungwa mpaka 30 kwa vilivyofungwa, na hapa fuata kitabu ambacho bodi yako imekitaja maana vitabu vinapishana. Joto kavu ni nyuzi 170 kwa saa 1 au nyuzi 160 kwa masaa 2. Sababu yake ni kwamba mvuke wenye presha unapenya na kupeleka joto kwa haraka kuliko hewa kavu, ndo maana hewa kavu inataka joto zaidi na muda zaidi. Ukilielewa hilo hata namba zikikutoka kichwani siku ya mtihani bado utajua ipi iwe kubwa na ipi iwe ndogo, tayari umeondoa majibu mawili kati ya manne.

Halafu kuna ile tepu inayobadilika rangi kwenye pakiti. Inakwambia tu kwamba pakiti imepita kwenye joto, haikwambii vijidudu vimekufa. Ushahidi wa kweli ni kipimo chenye spora hai, Geobacillus stearothermophilus kwa mvuke na Bacillus atrophaeus kwa joto kavu. Majina marefu najua, ila yanatoka, yaandike mpaka mkono uzoee.

Upande wa magonjwa shika homa ya ini B, C na VVU. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili kwenye kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, B ina chanjo, C haina. Kila mteja unamhudumia kama vile anaweza kuwa na maambukizi, haijalishi unamjua au anaonekana msafi. Sindano ni ya mtu mmoja mara moja kisha boksi la vitu vyenye ncha kali, huirudishii kifuniko, huikunji. Ukijichoma, la kwanza kabisa ni kuosha kwa sabuni na maji, ndo baadae unaripoti na kutafuta matibabu. Mtego ni kwamba majibu yote manne yanaweza kuwa sahihi, ila swali limesema "kwanza".

Sasa umeme, mada ambayo watu wanaiogopa bure. Mahesabu yenyewe ni machache. Sheria ya Ohm: volti ni mkondo mara ukinzani. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, ndo maana kile kishikio anachoshika mteja kwenye galvaniki, moja ya njia tatu tutakazoziona sasa hivi pamoja na thamolisisi na blendi, kinalowanishwa. Hapo umeshaunganisha fizikia na kitu unachokifanya kila siku, na maswali mengi ya umeme yanakuja kwa sura hiyo hiyo.

Galvaniki ni umeme wa DC, unaenda upande mmoja tu, na kazi yake ni ya kikemikali. Ndani ya kinyweleo kuna maji na chumvi, umeme ukipita kwenye sindano vinavunjika na kutengeneza sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki, pamoja na gesi ya haidrojeni, na kwa jumla ya mzunguko mzima kuna klorini pia. Kostiki ndo inayounguza tishu zinazolisha unywele. Inatengenezwa kwenye katodi, yaani upande hasi, kwahiyo sindano lazima iwe hasi na mteja ashike chanya.

Chukua swali la namna hii: mteja ametibiwa kwa galvaniki, ngozi kwenye tundu imeacha alama nyeusi isiyofutika, tatizo lilikuwa nini? Umepewa majibu kwamba muda ulikuwa mrefu, sindano ilikuwa nene, nguzo za umeme ziligeuzwa, au ngozi ilikuwa na mafuta. Usikurupuke, fuata mnyororo. Sindano ikiwa chanya imekuwa anodi, kwenye anodi inatengenezwa asidi badala ya kostiki, asidi inaila chuma ya sindano, chembe za chuma zinabaki kwenye ngozi kama tatuu. Jibu ni nguzo ziligeuzwa. Anodi na asidi ziende pamoja kichwani, ila angalia usije ukaichanganya na alkali kwa sababu nayo inaanza na A, alkali ni ya katodi. Na kwa mnyororo huo huo unapata jibu la swali la kataforesisi: baada ya kutibu, ukitumia roli chanya kwenye ngozi unatuliza wekundu na kurudisha asidi ya ngozi, wakati anaforesisi inatumia upande hasi, inalainisha na inafanywa kabla.

Hesabu ya kostiki ni rahisi kuliko inavyotisha. Yuniti 1 ni kostiki inayotengenezwa na sehemu moja ya kumi ya miliampea kwa sekunde 1. Kwahiyo unazidisha sehemu za kumi za miliampea kwa sekunde. Swali likisema unataka yuniti 60 na mashine iko kwenye miliampea 0.6, hiyo 0.6 ni sehemu 6 za kumi, 60 gawa kwa 6 unapata sekunde 10. Wanaokosea hapa wanazidisha 0.6 kama ilivyo wanapata majibu ya ajabu, na uwe na uhakika lile jibu la ajabu nalo limewekwa pale kwenye machaguo linakusubiri. Kanuni nyuma yake ni ya Faraday, kemikali inaongezeka kadiri ya mkondo na muda, ukipunguza mkondo kwa sababu mteja anaumia basi ongeza muda upate kostiki ile ile.

Thamolisisi ni umeme wa AC, unaogeuka mwelekeo kila mara, wa frikwensi ya juu sana, mashine nyingi ziko kwenye megahezi 13.56 au 27.12. Hapa hakuna kostiki, kuna joto, molekuli za maji kuzunguka sindano zinatikiswa haraka haraka mpaka tishu zinapata moto na kuganda. Sindano yenyewe sio inayochemka kama pasi, joto linatokea kwenye tishu, na swali hilo wanalipenda mno. Joto linaanzia kwenye ncha kisha linapanda juu, na penye unyevu mwingi linashika haraka, bahati nzuri chini ya kinyweleo kuna unyevu kuliko juu. Kwa kawaida mteja hashiki kishikio kwenye thamolisisi, kwenye galvaniki na blendi anashika.

Blendi inachanganya vyote viwili kwenye sindano moja, joto linaifanya kostiki ifanye kazi haraka na kusambaa vizuri zaidi. Ukiulizwa njia ipi inafaa kwa vinyweleo vilivyopinda, kumbuka kostiki ni majimaji yanayotiririka mpaka kwenye kona, joto la thamolisisi linabaki karibu na sindano, kwahiyo jibu ni galvaniki au blendi. Ukiulizwa ipi ya haraka zaidi kwa unywele mmoja, thamolisisi.

Uingizaji wa sindano nao unaulizwa kwenye nadharia japo ni kazi ya mkono. Ngozi ikibonyea kidogo kama kishimo wakati unaingiza, sindano imekutana na kizuizi, au umezidisha kina au pembe sio. Umeme ukiwashwa sindano ikiwa haijafika ndani unaunguza juu ya ngozi. Kipenyo cha sindano kinaendana na unywele, namba zake ni elfu za inchi, namba 3 ni inchi 0.003. Na unywele uliotibiwa sawasawa unatoka wenyewe bila kuvutwa, ukisikia mkwaruzo wa kuvuta huo umeung'oa tu.

Hapo tunaingia kwenye nywele na ngozi, na ushauri wangu hapa ni mmoja: chora. Chukua karatasi nyeupe, funga kitabu, chora kipande cha ngozi na kinyweleo ndani yake, weka papila (kale kanundu ka chini kanakolisha unywele), balbu (kitako cha unywele), tezi ya mafuta, kale kamsuli kanakosimamisha unywele, tabaka za epidamisi, yaani ngozi ya juu, kuanzia juu: korneamu, lusidamu ambayo utaikuta viganjani na nyayoni, granulosamu, spinosamu, na chini kabisa ile ya kuzalisha seli. Ukikwama fungua kitabu, angalia, funga, chora tena upya. Kusoma kwa macho kunakudanganya unajua, penseli ndo inakuumbua.

Hatua za ukuaji ni anajeni, katajeni, telojeni, kukua, mpito, mapumziko. Kichwani anajeni inaweza kwenda miaka 2 mpaka 6, katajeni ni wiki chache, telojeni takriban miezi 3. Ila usiishie kwenye majina. Angalia unywele uliotoka kwenye kibanio: ukiwa na balbu nono yenye rangi na ala laini ya utelezi inayong'aa kuzunguka shina, huo ulikuwa anajeni, ukitoka mkavu na kishina kidogo kama rungu basi ni telojeni. Anajeni ndo hatua nzuri ya kutibu kwa sababu unywele bado umeshikana na papila, na telojeni kinyweleo kinakuwa kifupi, kwahiyo kina cha sindano nacho kinabadilika. Pia ndo maana matibabu yanachukua miezi mingi, nywele zote haziko hatua moja kwa wakati mmoja. Mteja akisema "zimerudi", inawezekana ni zile ambazo siku ile zilikuwa bado hazijatokeza. Swali la namna hii linakuja kama hadithi ya mteja mwenye hasira, we tafuta hatua za ukuaji ndani yake.

Tofautisha hasutizimu na haipatrikosisi. Ya kwanza ni mwanamke kuota nywele nene sehemu ambazo kwa kawaida wanaume ndo huota, kidevuni, kifuani, na chanzo chake ni androjeni, yaani homoni za kiume, mara nyingi kwa sababu ya PCOS (tatizo la homoni na ovari), wakati mwingine tezi za adrenali zilizo juu ya figo au ugonjwa wa Cushing (homoni ya kortisoli kuzidi). Ya pili ni nywele kuzidi popote, mwanaume au mwanamke, bila kufuata mpangilio huo wa homoni, inaweza kuwa ya kurithi au ya dawa kama fenitoini na minoksidili. Na hapa kuna kitu kinawagharimu watu: kazi yako si kupima wala kutaja ugonjwa. Mteja ameanza kuota ndevu ghafla, hedhi imevurugika, jibu sahihi ni kumshauri akamuone daktari, lile jibu linalosema "mwambie ana PCOS" ni sumu hata kama kweli anayo.

Hiyo hiyo ndo roho ya mada ya nani asitibiwe. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ruhusa ya daktari ni lazima na vitabu vingi vinakataa kabisa umeme juu yake. Nywele zilizoota kwenye baka au kidutu cheusi, daktari aangalie kwanza na akupe ruhusa kwa maandishi. Ndani ya pua na ndani ya sikio, hapana. Kope, hapana. Mjamzito, fuata sheria ya bodi yako na maneno ya daktari wake. Kisukari, mambo ni kupona polepole na hatari ya maambukizi. Mwenye historia ya keloidi, yale makovu yanayovimba na kuzidi, tahadhari. Malengelenge ya hepisi yakiwa wazi mdomoni, ahirisha. Ukisoma kila moja jiulize kitakachoharibika ni nini, umeme, kupona au maambukizi, na utaona orodha ndefu inajipanga kwenye mafungu matatu tu.

Historia ipitie dakika chache. 1875 Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis, alitumia umeme wa DC kwa kope zilizokuwa zinaota kuelekea jichoni. 1916 Paul Kree na mashine ya sindano nyingi. 1924 Henri Bordier wa Lyon, Ufaransa, na thamolisisi. 1948 Arthur Hinkel na Henri St. Pierre wakapata hataza ya blendi. Basi, funga ukurasa. Ongeza tu kwamba leza inategemea rangi ya unywele na elektrolisisi haitegemei, kwahiyo mvi na nywele nyeupe ni za sindano.

Namna ya kusoma yenyewe: kama una wiki sita au nane zinatosha kwa mtu anayefanya kazi. Kila siku kidogo kuliko Jumamosi moja nzito. Nusu ya muda wako wote iwe ni kujibu maswali, na kila unalokosa liandike kwenye daftari la makosa, usiandike jibu sahihi tu, andika kwa nini lile ulilochagua si sahihi, na kwa nini lilikuvutia. Baada ya muda utaona unakosa kwa mtindo mmoja, labda hausomi neno "isipokuwa", labda unachanganya anodi na katodi kila mara, huo mtindo ndo wa kushughulikia kuliko kusoma sura nzima upya. Kadi ndogo ndogo ni nzuri kwa majina na namba ila hazifai kwa minyororo ya sababu, minyororo isimulie kwa sauti, ikibidi mwambie mtu wa nyumbani asiyejua chochote, akikuuliza "sasa kwa nini" ukakwama, umepata pa kurudia. Na istilahi zisome kwa lugha ile ile mtihani utakayokuja nayo, ujue mapema.

Jana yake usisome kitu kipya, pitia daftari la makosa na namba za joto ulale. Kitambulisho kiwe na jina lile lile ulilojisajilia, herufi kwa herufi, watu wanarudishwa mlangoni kwa hilo. Ukikaa, swali refu anza na sentensi ya mwisho inayouliza ndo urudi kwenye hadithi. Majibu mawili yakikugonganisha kichwa, chagua lile linalomlinda mteja zaidi, kusimamisha matibabu, kumpeleka kwa daktari, kutumia sindano mpya, bodi inatoa leseni kwa mtu salama kwanza, mtaalamu baadae. Lililokushinda liwekee alama usonge mbele, usilikalie dakika tano, na kama jibu lisilo sahihi halikatwi alama usiache hata moja wazi, bahatisha na uende.